Kipanga, Aliyekaa Chini na Aliyeanguka

Tunayemsindikiza leo, ambaye mashabiki walimwita Kipanga, alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Machi 1958 katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji, kwa kuwa uchungu ulimkuta mama yake akiwa kazini. Alikuwa kifungua mimba wa mshonaji huyo na dereva wa lori, na kaka pekee wa dada wawili.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965, akamaliza sekondari mwaka 1976, kisha akasomea umeme katika chuo cha ufundi. Mwalimu wake wa hesabu alizoea kusema kwamba akili za kijana huyu zimeshukia miguuni. Karate alifundishwa na askari mstaafu katika ghala la magunia, na mazoezi aliyafanyia nyumbani, kwenye ushoroba uliotundikwa magauni ya wateja. Mama yake hakumkataza, alimwonya tu. "Gusa pindo la mtu, utalifua, utalipiga pasi, na utampelekea mwenyewe ukamweleze ni mguu wa nani." Ndivyo alivyojifunza kusimamisha teke upana wa kidole kabla ya kitambaa.

Mwaka 1981 aliajiriwa na kampuni ya filamu kama fundi wa taa. Miaka miwili baadaye mwigizaji mmoja aliugua, marehemu akaazimwa kwa siku moja, na hakurudi tena kwenye taa. Sinema zake za karate zilikuwa za furaha. Aliyepigwa aliruka juu ya meza, akajikung'uta vumbi, akatoka mbio ameshikilia suruali yake, na ukumbi mzima ukapiga miluzi. Adui wake wa kudumu alikuwa mwigizaji tuliyemzoea kwa jina la Gogo. Tarehe 6 Agosti 1988 marehemu alifunga ndoa na dada yake Gogo, mhariri wa filamu.

"Nimekupa dada, shemeji," Gogo alilalamika mbele ya wageni, "na Jumatatu utanipiga tena?"

"Saa mbili kamili. Usichelewe."

Ndoa hiyo ilijaliwa binti na mtoto wa kiume.

Mwezi Februari 1999 wanaume wawili waligombana kwenye foleni ya kituo cha mafuta. Mmoja, fundi wa matairi, alimpiga mwenzake teke la kuzunguka, lile lile la kwenye sinema lililompa marehemu jina lake. Aliyepigwa aligonga kisogo kwenye ukingo wa saruji na kufariki papo hapo. Marehemu alikuwa kwenye benchi la nyuma mahakamani fundi huyo alipojitetea: "Mheshimiwa, nilimsubiri ainuke. Nilijua atainuka."

Marehemu hakudai kwamba kosa lilikuwa lake, wala hakukubali kwamba halikumhusu. Kati ya mawili hayo ndipo alipoishi tangu siku ile. Alimtembelea fundi gerezani na kumuuliza alifanya nini baada ya teke. Fundi alimjibu: "Nilikaa chini. Nikamshika kichwa, nikamwambia, amka bwana, watu wanatuangalia."

Alipoamua kwamba katika filamu zake anayepigwa hatainuka tena, mtayarishaji wake alimsihi. "Kaka, watu wanakuja kucheka. Unataka kuwapeleka msibani?"

"Wacheke, ila si kwa mtu aliyelala chini."

Filamu ya kwanza ya namna mpya, ya mwaka 2001, nusura ivunje nyumba. Safari hii yeye ndiye aliyepaswa kupigwa na kufa kwenye ngazi za saruji. Mwanakarate anayeanguka huipiga sakafu kwa kiganja ili kishindo kisiishie shingoni. Mwili wake ulifanya hivyo bila kuamriwa. Lakini mtu anayekufa hapigi sakafu. Kila Gogo alipomsukuma, mkono ulijinyoosha wenyewe.

"Ufunge kwa kamba," marehemu aliagiza.

"Siufungi! Nikikuua, dada yangu nitamwambia nini?"

Mkewe aliahidi kuukata mkono huo katika uhariri, asiuone mtu. "Nitauona mimi," marehemu alijibu, akapanda tena ngazi. Hatimaye mkono ulitulia. Siku ya onyesho la kwanza miluzi ilikatika ghafla. Mtu mmoja alisimama gizani akapiga kelele, "Kipanga, inuka!" Pale kwenye pazia, Kipanga hakuinuka. Wengine walitoka kabla ya mwisho kwa hasira. Alifanya filamu nyingine za aina hiyo, na kila moja ilimwacha shingo ikiwa nzito zaidi.

Mwaka 2019 daktari wa mifupa alimweleza kwamba pingili za shingo zimesagika, na kuanguka tena kungeweza kumnyima mikono yake. Filamu moja ilikuwa bado. Mkewe hakupaza sauti. "Ukianguka, filamu hiyo haitapita mkononi mwangu," alisema, na siku ya kazi alikwenda mwenyewe akasimama kando ya kamera. Marehemu alisimama juu ya ngazi kwa muda mrefu, wote wakimtazama miguu. Kisha akamgeukia Gogo.

"Shemeji, leo anguka wewe."

"Nimeanguka ujana wangu wote, leo ndiyo unaniomba?"

Gogo alianguka. Hadithi ilimtaka mpigaji atoke mlangoni, lakini marehemu alishuka, akaketi sakafuni, akakipakata kichwa cha shemeji yake na kuanza kumbembeleza aamke. Mpiga picha hakuthubutu kuzima kamera. Mkewe hakukata kitu.

Mwezi Mei 2023 alipatwa na kiharusi, akalazwa. Mkewe alimuuliza kama ameridhika na kazi zile. Alijibu kwa shida: "Sijui. Kama kuna mkono mmoja uliorudi nyuma kabla ya kupiga, hatutausikia." Alifariki Jumamosi tarehe 10 Juni 2023, alfajiri, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mjane, binti, mtoto wa kiume, wajukuu watatu, dada wawili, na shemeji yake Gogo. Mwenyezi Mungu aipumzishe roho yake kwa amani, na aizuie mikono yetu sote.