Fundi Robo, Aliyesubiri Mshale Utulie

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Robo na ambaye jina la kwenye cheti alilitumia benki tu, alizaliwa asubuhi ya tarehe 9 Machi 1961, wiki mbili baada ya siku iliyotarajiwa. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyo hakuchelewa, alikuwa anahakikisha. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Wa pili, naye mwanamume, alikuja miaka tisa baadaye, na baba yao alipofariki mwaka 1974, marehemu ndiye aliyebaki kumlea mdogo wake. Alimfundisha hata kufunga kamba za viatu. Somo hilo lilichukua wiki tatu, mbili kati yake zikiwa za nadharia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968 na kumaliza chuo cha ufundi mwaka 1981. Familia bado inayo ripoti yake ya mwaka wa pili chuoni, ambamo mwalimu wa mitambo ameandika: "Hakumaliza mtihani. Alichokiandika ni sahihi chote." Marehemu aliichukulia kuwa ni sifa, na aliitundika ukutani.

Tarehe 6 Februari 1984 aliajiriwa kwenye kiwanda cha kujaza mitungi ya oksijeni, kitengo cha ukaguzi wa regulata. Regulata, kwa wale ambao hawakuwahi kukaa naye meza moja, ni kile kifaa kinachokaa kati ya mtungi na mtumiaji, kikipunguza nguvu ya hewa ili itoke kwa kipimo kinachostahimilika. Huko ndiko alikopata jina. Wenzake walizungusha skrubu ya regulata mzunguko mzima, wakarudisha, wakazungusha tena. Yeye alizungusha robo, akaangalia mshale wa geji, akasubiri. Akisharidhika, aliweka tone la rangi nyekundu ya kucha, nusu juu ya skrubu na nusu juu ya bati, ili mtu akiigusa skrubu tone likatike na aonekane.

Tone hilo ndilo lililomwoza. Kila baada ya miezi mitatu alikwenda kwenye duka la vipodozi karibu na stendi kununua kichupa kimoja, na safari ya nne muuzaji alishindwa kuvumilia.

"Kaka, shemeji yetu hapendi rangi nyingine?"

"Sina mke."

"Basi hizi kucha ni za nani?"

"Za skrubu."

Muuzaji hakucheka. Aliuliza kama skrubu zenyewe ni za chuma au za shaba, kwa sababu kwenye shaba, rangi ya bei ya chini hubanduka. Walifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1989 na wakajaaliwa binti mmoja, ambaye leo ni muuguzi.

Kiwanda kilinunua mashine ya ukaguzi mwaka 2006, na mashine hiyo haikuhitaji rangi ya kucha. Mwaka uliofuata marehemu alipata kazi kwenye uwanja wa mchezo wa bunduki za rangi, nyuma ya ghala la zamani la matairi, mahali ambapo watu wazima wenye ajira za heshima huvaa vinyago na kupigana kwa vidonge vya rangi ili, kama lisemavyo bango la mlangoni, wapendane zaidi ofisini. Mama yake, aliyekuwa bado hai, alitaka maelezo.

"Sasa kazi yako hasa ni nini, mwanangu?"

"Kuhakikisha wakipigana hawaumizani."

"Si waache tu kupigana?"

"Wakiacha, mama, nitakula nini?"

Bunduki zilikuwa arobaini, kila moja na mtungi wake wa hewa na regulata yake. Wachezaji waliamini kwamba presha ikiwa kubwa ndipo bunduki inapiga mbali. Marehemu aliwajibu wote kwa maneno yale yale kwa miaka kumi na sita: "Ongeza tu, mkubwa. Kidonge kitapasukia ndani ya mtutu, utajipaka mwenyewe, na adui atakuwa amepumzika." Alishusha presha robo kwa robo, akipiga vidonge vinne kila mara mbele ya kipimamwendo, mpaka mwendo uanze kuanguka, hapo alirudisha robo moja. Uwanja uliruhusu futi 280 kwa sekunde, zake zilikwenda kwa 275. Kisha aliilaza bunduki mezani na kuutazama mshale dakika kumi bila kusema na mtu. Ukitulia, aliweka tone. Ukipanda wenyewe polepole, ilimaanisha raba ya ndani imechakaa na hewa inapenya. Bunduki ya namna hiyo ikikaa kimya, kidonge chake cha kwanza hutoka kama kimetumwa.

Mwaka 2010 alimwingiza mdogo wake kazini. Mdogo alikuwa na kipaji cha kuudhi: alisikiliza mlio wa hewa, akazungusha mara moja, akamaliza kwa dakika mbili, na kipimamwendo kikakubaliana naye. "Kaka," alimwambia mbele ya wateja, "ungekuwa mkunga, watoto wangezaliwa na ndevu." Marehemu alijibu kwamba wangezaliwa salama. Miaka saba waliishi hivyo, na walioshuhudia wanasema hakukuwa na karakana yenye furaha zaidi, ingawa mmoja wao hakuwahi kuonekana akicheka.

Asubuhi ya Jumamosi tarehe 14 Oktoba 2017 kampuni moja ya bima ilileta wafanyakazi arobaini, saa nzima kabla ya muda, nao wakasimama mlangoni mwa karakana wakigonga meza. Karani wa mapokezi alipewa bunduki namba kumi na nne. Alijificha nyuma ya pipa dakika nane bila kupiga, kisha akapiga kidonge kimoja kilichompata mkuu wa idara yake shingoni na kuacha uvimbe wa ukubwa wa kisosi. Bunduki iliporudishwa karakana, kipimamwendo kilisoma futi 340. Mkuu wa idara alipona baada ya siku tisa. Meneja wa uwanja aliuliza mbele ya wote nani aliigusa skrubu.

"Mwulize huyu," marehemu alisema, akimwonyesha mdogo wake kwa spana. "Ndiye mwenye haraka hapa."

Mdogo wake aliweka vifaa mezani, akanawa mikono, akaondoka. Alikwenda kufunga majiko ya gesi majumbani, na kwa zaidi ya miaka sita hawa ndugu wawili walisalimiana kupitia watu wengine.

Jumatatu iliyofuata marehemu aliichukua namba kumi na nne na kuliangalia tone, jambo ambalo angepaswa kulifanya Jumamosi. Lilikuwa zima. Alifungua regulata na kukuta raba imekatika. Aliandika kwenye daftari lake la kazi: "Na. 14. Skrubu haikuguswa. Raba. Nilisubiri dakika mbili badala ya kumi." Akapiga mstari chini yake, akafunga daftari, akanyamaza.

Mke wake alilikuta daftari hilo mwaka 2019 wakati wa kuhamisha kabati.

"Mzee, kumbe ulijua."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nasubiri mambo yatulie."

"Dakika kumi zako hizo," mke alisema, "zimetimiza miaka miwili."

Miaka ikaendelea kutimia.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 alianza kuishiwa pumzi akipanda ngazi tatu za karakana. Madaktari walisema mapafu yanakakamaa na kwamba hayatarudi yalivyokuwa. Tarehe 3 Mei 2024 alilazwa katika wodi ya wanaume, kitanda cha pili kutoka dirishani, akitumia oksijeni. Aliikagua regulata ya mtungi wake kabla hajakubali kuvaa kinyago, na akamwagiza binti yake alete rangi ya kucha. Muuguzi wa zamu alikataa. Tone liliwekwa alipokwenda kunywa chai.

Mke wake alimpigia shemeji yake simu bila kuomba ruhusa ya mtu. Mdogo wake alifika Jumanne tarehe 14 Mei, saa tisa alasiri. Hakusalimu. Alisimama mlangoni akisikiliza, akasogea kwenye mtungi, akaweka sikio.

"Hii inavuja kwenye nati."

"Mshale umetulia," marehemu alisema.

"Umetulia na inavuja, kaka." Aliikaza kwa mkono. Mlio, ambao hakuna mwingine aliyekuwa ameusikia, ulikoma.

Marehemu alivuta pumzi mara kadhaa. Sentensi moja ilikuwa ikimgharimu sana siku hizo. "Namba kumi na nne. Ilikuwa raba."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Siku ile ile. Nilisikia inapenya, nikawa nakuja kukwambia."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unaongea wewe."

Binti yake, aliyekuwepo, anasema baba yake alicheka mpaka kinyago kikamtoka. Mdogo wake alikirudisha na kusema, "Basi, kaka, yamekwisha."

"Hayajaisha. Nilisema mbele ya watu."

"Watu wenyewe sasa utawapata wapi?"

"Watakuja kunizika," marehemu alisema.

Kwa siku tisa zilizofuata aliandikisha wasifu huu kwa binti yake, sentensi chache kwa siku, na kila asubuhi alirudi kukagua za jana. Aliagiza mambo mawili. Kwanza, meneja wa uwanja na kampuni ya bima wapewe taarifa ya mazishi kwa maandishi. Tunawashukuru kwa kufika, na tunamtambua mkuu wa idara aliyeketi safu ya tatu. Pili, wasifu usisomwe na mdogo wake, kwa sababu angeiruka sehemu hii. Alifariki Ijumaa tarehe 24 Mei 2024, saa kumi na dakika ishirini alasiri, akiwa na umri wa miaka 63. Tone kwenye regulata lilikuwa zima. Binti yake alihakikisha.

Ameacha mke, binti, mkwe na mjukuu mmoja, ambaye kamba za viatu anafundishwa sasa. Ameacha bunduki arobaini zilizokaguliwa. Na ameacha mdogo wake wa pekee, fundi, ambaye hakuigusa namba kumi na nne.

Mungu ampokee na kumpumzisha kwa amani, wala asimharakishe.