Bibi Ruthu Sila Ndahani, Mlezi wa Tamasha la Maua la Nzuguni

Wapendwa waombolezaji, familia inaomba masikio yenu kwa dakika chache, na mlio nyuma ya turubai sogeeni, maana huyu tunayemsindikiza hakupenda kusikilizwa nusu nusu.

Bibi Ruthu Sila Ndahani alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 katika kijiji cha Kigwe, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee Sila Ndahani, mkulima na mfugaji, akasoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, na mwaka 1974 akaajiriwa kuwa mtunza bustani mjini Dodoma, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2007. Tarehe 9 Oktoba 1976 alifunga ndoa na marehemu Ludovick Mhawi, fundi seremala, wakaishi eneo la Kikuyu, hukohuko mjini, kabla ya kuhamia hapa Nzuguni mwaka 1990, na Mungu akawajalia watoto watatu, Elieth, Joshua na Cecilia, pamoja na wajukuu tisa.

Nzuguni ya wakati ule, jamani, ilikuwa vumbi tupu, maji yalibebwa kichwani kutoka mbali, na mtu kupanda maua ilikuwa kujitafutia maneno ya majirani. Bibi Ruthu akaja na sharti lake, kwamba ua halinyweshwi maji masafi, linanyweshwa maji yaliyokwisha kufanya kazi nyingine, ya kuoshea mchicha, ya kusuuzia nguo, ya kumwogeshea mtoto, na tarehe 30 Aprili 1994 wanawake kumi na mmoja wakapanga makopo yao ya maua uwanjani, likawa tamasha la kwanza. Tangu hapo kila mwaka huchaguliwa vijana kuwa mabalozi wa maua, na kila balozi husimama kando ya ua lake, akatamka mbele ya watu limekuzwa kwa maji gani, kisha mwaka mzima hupita nyumba kwa nyumba akigawa vipandikizi na kufundisha.

Kwa robo karne alitamani jambo moja, serikali ilitambue tamasha hili na vijana wake, na tarehe 27 Aprili 2019 wageni wa serikali wakaja kulikagua. Kamati, kwa hofu ya kuaibika mbele ya wakubwa kwa sababu mvua zilikuwa haba, ilikuwa imeleta boza, lori la maji masafi, kumwagilia maua siku ya Alhamisi, ikawaagiza mabalozi waseme kama kawaida, na wa kwanza kusimama akawa Jenifa, mjukuu wake kwa Elieth, binti wa miaka kumi na saba, akatamka kwamba waridi lake limekuzwa kwa maji ya kusuuzia nguo. Bibi Ruthu akainuka kwenye kiti cha heshima, akasema kwa sauti kwamba hapana, mjukuu wangu, hayo ni maji ya boza, nimeliona kwa macho yangu.

Loh! Wageni waliaga kwa heshima, maombi ya kutambuliwa yakakwama, sisi ndugu zake tukamlaumu kwa ukaidi, na Jenifa hakukanyaga tena nyumbani kwa bibi yake kwa karibu miaka miwili, jambo lililomkondesha marehemu kuliko ugonjwa wowote. Mwezi Machi 2021 alifunga safari hadi chuoni alikokuwa akisoma Jenifa, akamwambia kwamba ukweli haombi radhi kuusema, ila anaomba radhi kwa kumwaibisha mtoto hadharani wakati waliomtuma ni watu wazima, nao wakalia pamoja, wakarudi kuwa marafiki wa kutaniana. Jenifa ndiye aliyeandika maombi mapya, na humo akaeleza habari ya boza bila kuficha hata neno.

Mwanzoni mwa mwaka huu wa 2025 Bibi Ruthu alianza kusumbuliwa na moyo, akalazwa mara tatu, na tarehe 16 Juni Jenifa akamsomea pale kitandani barua ya serikali, kwamba tamasha limetambuliwa rasmi pamoja na mabalozi wake, na kwamba wameridhika hasa na watu wanaokiri kosa lao kwa maandishi. Alicheka hadi nesi akaja kumtuliza, akasema kumbe wanasomaga. Jumatano tarehe 9 Julai, saa kumi na moja alfajiri, alifariki dunia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Nzuguni mliopika na kukesha nasi, wastaafu wenzake wa bustani, kwaya, na mabalozi wote wa maua, wa zamani na wa sasa.

Wageni wetu wa serikali wamekuja leo na cheti, tunawashukuru, na walitaka kukikabidhi kwa wazee wa familia. Lakini siku moja kabla ya kufariki marehemu aliacha neno, nalo tunalitii, kwamba cheti akipokee Jenifa, na asipewe ndani wala pembeni, asimamishwe katikati ya umati, kwa sababu, alisema mwenyewe, mbele ya watu nilimwaibisha, na mbele ya watu aheshimiwe. Jenifa, njoo hapa mbele, mama, na ninyi nyote tunaomba msimame.

Pumzika, dada yetu Ruthu, kwa amani.