Kidonge Kilichopewa Jembe

Hapa kijiweni kwetu, ubavuni mwa soko la Lindi mjini, anayekunywa kahawa ya Musa bila kubisha tunamhesabu mgonjwa. Leo kabla ya adhuhuri Mzee Ahmadi kamfunga Eusebio kwenye bao la kete, kamla na nyumba, lile shimo kuu la kete. Tumekwenda kuswali, tumerudi, bado anasimulia! Eusebio tunamwita Profesa, maana husoma hata karatasi za ndani ya pakiti za dawa. Shaaban ndiye Plagi, fundi pikipiki, mdomo wake haujawahi kuzimika. Mimi sina jina la utani. Mimi nasema kweli tu.

Ahmadi: Siku ya tatu leo sijameza kile kidonge cha moyo cha hospitali, propranolol. Na nimeshinda!

Profesa: Daktari kakwambia uache?

Ahmadi: Daktari anacheza bao? Mwaka mzima nakula nyumba za watu, moyo umekaa tu kama mgeni msibani. Ushindi gani huo? Leo umepiga ngoma, jamani! Nimejiona kijana.

Profesa: Kile kidonge kinakalia viti vya adrenalini moyoni. Ile inayokuja ukishtuka, ukikasirika. Ikija inakuta viti vimejaa, inabaki mlangoni.

Plagi: Breki hiyo! Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mwacheni mzee moyo wake ujae!

Profesa: Karatasi inasema usiache ghafla. Viti vikikaliwa muda mrefu, moyo huongeza vingine. Ukikitoa kidonge kwa mkupuo, adrenalini inavikuta vyote vitupu.

Plagi: Si ndio vizuri? Wageni wengi, shughuli imefana!

Ahmadi: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hiki kimekaa mwaka. Nimekipa jembe, kiende zake!

Tukampigia makofi. Na mimi nilipiga, sikatai.

Plagi: Mnajua nani kavileta vidonge hivi? Watu wa Mtama! Wanatupoza mioyo ili Idd hii wabebe kombe la bao.

Hapo hapo akatokea Genoveva, wa huko huko Mtama, aliyeacha pikipiki yake kwa Plagi tangu asubuhi.

Genoveva: Shikamooni.

Wote: Marahaba.

Genoveva: Fundi, tayari?

Plagi: Bado kidogo tu, dada. Nilikuwa na kikao.

Genoveva hakumjibu. Alikuwa anamtazama Ahmadi. Kikombe kilimtetemeka mkononi, kahawa inamwagikia kanzu, jasho linamtoka.

Genoveva: Baba, hilo bao mlimaliza saa ngapi?

Ahmadi: Kabla ya adhuhuri. Nimemla nyumba!

Genoveva: Sasa mbona moyo bado unakimbia? Naona kanzu inaruka.

Profesa akamwondolea mzee kikombe. Plagi akaangalia spana yake. Mimi msema kweli, niliyempigia makofi, nikaficha mikono.

Ahmadi: Kifua kinanibana hapa. Tangu nisimame kwenye swala. Naogopa, jamani.

Plagi aliruka. Kazi iliyomshinda tangu asubuhi akaimaliza kwa dakika mbili. Genoveva akawasha, tukampakia Ahmadi nyuma, Profesa akapanda nyuma yake, akamshika.

Ahmadi: Msidhani nimeshindwa! Nakwenda kumwambia daktari atafute kidonge kinachojua bao! Na asiguse mtu kete zangu!

Wakaondoka kuelekea hospitali. Kete hatujazigusa. Musa ametumiminia, tumekunywa, na hakuna aliyebisha. Leo sote wagonjwa.