Babu Aliyewakalisha Watu Mbele ya Picha

Babu yetu mpendwa, mchungaji, alizaliwa tarehe 3 Machi 1949, wa pili kati ya watoto saba. Dada yake mkubwa anasema alizaliwa akiuliza maswali.

Alimaliza shule ya msingi 1963, sekondari 1967 na chuo cha theolojia 1974. Kote alifaulu, isipokuwa kuchora. Yaani alichora ng'ombe, mwalimu akamsifia: "Meza nzuri hii!"

Januari 1976 akawa mchungaji wa wanafunzi humu humu chuoni, ofisi yake kile chumba nyuma ya madhabahu chenye dirisha lisilofunga. Siku hizo msichana akipata mimba alifukuzwa bwenini. Novemba 1979 mwanafunzi wa sanaa akamchora Mariamu, mama wa Yesu, akiwa mjamzito, amesimama kwenye geti la bweni na sanduku la bati, mlinzi anamwonyesha barabara. Babu akaitundika picha hiyo kanisani. Jamani, kanisa liliwaka moto! Yeye akaweka kiti mbele ya picha: ukitaka kulalamika, kaa kwanza nusu saa, kimya, ndipo useme.

Wa kwanza kukaa alikuwa kiongozi wa kwaya.

"Haya dada, unasemaje?"

"Bado mbaya. Miguu imevimba mno."

"Ungetembea wewe na mimba hiyo, isingevimba?"

Kesho yake akarudi kukaa tena. Huyo ndiye bibi.

Baraza la chuo halikukaa kwenye kiti hicho. Liliandika barua: picha itoke, au atoke yeye. Babu akakataa kuishusha, wakamtoa tarehe 30 Mei 1980, na mimbari akakatazwa. Bibi akaolewa naye Agosti 16 mwaka huo huo, mwanaume hana kazi wala nyumba. Mama yake akamuuliza, "Mwanangu, umeona nini kwa huyu?"

"Ananisubiri nimalize kusema, mama."

Babu alifundisha somo la dini sekondari mpaka alipostaafu 2009. Kila Jumapili alimsindikiza bibi kwaya humu kanisani, yeye akabaki nje dirishani, miaka arobaini na kitu. Tukimwita ndani alicheka: "Nikiingia nitatamani kuhubiri."

Februari mwaka huu figo zilimshinda. Mchungaji wa sasa wa chuo akamfuata wodini: "Babu, Jumapili ya tarehe tisa Juni mimbari ni yako." Babu akalia, halafu akadai miwani na karatasi. Mahubiri yake yalifika aya ya pili. Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa bibi.

Leo ndiyo Jumapili hiyo, na tumo ndani, naye yumo.

Ameacha mjane, dada yake mkubwa, watoto watatu na wajukuu wanane tunaobishana nani alipendwa zaidi. Zile aya mbili atazisoma bibi, kutoka mimbarini.

Lala salama, Babu. Mungu akupe pumziko lenye amani.