Siku Usiyoweza Kuisahau

Kijiwe chetu kipo nje ya duka la Chichí, kona ya pili ukitoka bustani kuu ya mji wetu wa Baní. Pana benchi moja la mbao, kreti tatu za bia na meza ya dhumna ambayo mguu wake mmoja ni tofali. Saa tisa alasiri Chichí anachemsha kahawa, birika moja tu, ikiisha imeisha, na tunainywa kwenye vikombe vidogo vya plastiki kama vya dawa ya kikohozi. Wenye benchi ni sisi wanne. Kuna Setilaiti, anayeuza chaja na vioo vya simu na kwa hiyo anajua siri zote za dunia. Kuna Profesa, aliyeendesha basi la shule miaka ishirini na sita huku akisikiliza redio, na sasa anatufundisha fizikia bila kuombwa. Kuna Balbu, fundi umeme, ambaye nusu ya maisha yake kafunga taa kwenye mahoteli ya pwani ya mashariki, nyumbani alikuwa anarudi Jumamosi tu. Na kuna mimi, kinyozi wa mlango wa pili, ninayewasikiliza hawa kwa sababu redio yangu imeharibika. Alhamisi hiyo Balbu alifika na uso wa mtu aliyetoka kuzika, akaiweka simu yake juu ya meza ya dhumna, akavuta kreti akakaa bila kusalimia.

BALBU: Imejifunga. Umeme ulikatika jana, ikaisha chaji. Leo nimeiwasha haitaki kidole tena, inataka namba.

SETILAITI: Si uipe.

BALBU: Sina. Namba aliiweka Yudelka aliponiletea hii simu, wakati wa msiba. Mimi kazi yangu ilikuwa kidole.

MIMI: Bahatisha basi.

BALBU: Nimebahatisha mara saba. Imeandika hapa, soma. Yamebaki majaribio matatu, baada ya hapo inafuta kila kitu.

Profesa akaweka kikombe chini. Sote tulijua kilichomo kwenye ile simu. Nereida, mke wa Balbu, alifariki Februari, na Nereida hakuwahi kumwandikia mtu ujumbe maishani, yeye alikuwa wa kutuma sauti. Balbu akiwa kazini alipokea tano, sita kwa siku: umekula, gesi imeisha, jirani kanitukana. Binti yao Yudelka, anayeishi Boston, akazihamisha zote kwenye simu mpya. Jioni tunamwona Balbu kibarazani kwake ameibana simu sikioni, hasemi kitu, nasi tunapita bila kumsalimia ili tusimkatize.

MIMI: Yudelka hayupo? Mpigie Boston umwulize.

BALBU: Nimempigia asubuhi kwa simu ya Chichí. Na hapo ndipo paliponitisha. Nimesema "mwanangu" tu, sijasema lingine, akacheka, akasema, "Baba, nilijua leo hukosi kupiga."

Setilaiti akasimama kabisa.

SETILAITI: Alijuaje?

BALBU: Ndiyo nakwambia.

SETILAITI: Ulikuwa umeshamwambia kwamba simu imejifunga?

BALBU: Sikuwa nimefika huko.

SETILAITI: Basi kwisha habari. Hiyo simu inakusikiliza. Jana ilipozima, ulilaani?

BALBU: Nililaani.

SETILAITI: Kwa sauti?

BALBU: Kwani wewe unalaani kimoyomoyo?

SETILAITI: Ikasikia, ikapeleka taarifa Boston. Mimi juzi nimesema tu "mgongo unaniuma", kufungua simu nakuta tangazo la godoro.

MIMI: Kwa umri wako huo hata mimi ningekuuzia godoro.

PROFESA: Ngoja, ngoja. Ilikuwa imezima. Imesikiaje?

SETILAITI: Simu haizimi, Profesa. Inafumba macho tu.

Chichí, aliyekuwa dirishani mwa duka anakata jibini, akaitoa simu yake mfukoni taratibu, akaitia ndani ya ndoo ya maharage na kuifunika. Sikumcheka. Hata mimi yangu niliigeuza kifudifudi.

PROFESA: Nyie mnahangaika na masikio, tatizo ni macho. Vitu vidogo kabisa vya dunia hii, kabla hujavitazama, viko kila mahali kwa wakati mmoja. Hiyo namba ni hivyo hivyo. Saa hizi simu hii imefunguka na imefungwa, yote mawili.

BALBU: Mimi naiona imefungwa.

PROFESA: Kwa sababu unaitazama. Unaiharibu kwa macho. Ifunikeni.

Mniamini msiniamini, Chichí alitoka na kofia yake akaifunika ile simu, na watu wazima watano tukakaa tunaitazama kofia. Profesa akahesabu mpaka ishirini. Ikafunuliwa. Imefungwa vile vile.

PROFESA: Joto. Kwenye joto hivi vitu havitulii. Chichí, fungua friji ya barafu.

BALBU: Profesa, mimi ni fundi umeme.

PROFESA: Wewe ni fundi wa umeme mkubwa. Huu ni mdogo.

Katika siku ya kawaida Balbu angemtukana mpaka jioni. Siku hiyo aliinuka mwenyewe, akaiingiza simu yenye sauti za marehemu mkewe katikati ya aiskrimu za nazi, akasimama mlangoni mwa friji kama ndugu wa mgonjwa. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Ilitoka baada ya dakika kumi, ina ukungu, inanukia nazi, inataka namba.

SETILAITI: Turudi kwa binti. Alivyosema anajua unapiga, wewe ukasemaje?

BALBU: Nikamwambia, nipe namba ya kufungulia simu. Akanyamaza. Nikaita, halo, halo. Sauti ikarudi, lakini si ile ya kwanza. Nzito, imepoa. Ikasema, "Ni siku usiyoweza kuisahau, Baba. Ikumbuke mwenyewe." Ikakata. Nimerudia mara sita, haipokelewi.

SETILAITI: Kaa chini, Balbu.

BALBU: Nimekaa.

SETILAITI: Yule si mwanao. Siku hizi sauti zinaibwa, nimeona kwa macho yangu, wanachukua maneno matatu wanatengeneza mtu mzima. Ile iliyocheka ni mashine. Ile nzito ni mwizi mwenyewe, kashika kipaza sauti baada ya mashine kukwama.

CHICHÍ: Mama yangu. Na kwa simu yangu.

PROFESA: Mwizi gani anamwita mtu Baba? Hapana. Simu ya Boston inapanda juu kwanza, na kule juu saa zinakwenda mwendo mwingine, hili limepimwa. Inawezekana imepotea njia kidogo. Balbu, ile sauti ya pili huenda ulikuwa unaongea na Yudelka mwenye miaka sitini.

BALBU: Miaka sitini?

PROFESA: Ndiyo maana ilikuwa imepoa.

Balbu akauliza kwa sauti ndogo kama huyo Yudelka wa miaka sitini atakuwa na afya. Nikamwambia anywe kahawa. Hakuigusa.

MIMI: Tuache mambo ya juu. Siku usiyoweza kuisahau. Tarehe ya kuzaliwa kwake umejaribu?

BALBU: Ndiyo niliyoanza nayo. Tisa Machi. Ikakataa. Nikaweka ya ndoa, ya msiba, ya kuzaliwa mimi, ya kuzaliwa mama yake.

SETILAITI: Lete. Yudelka ni msomi, na msomi anaweka kitu ambacho mwizi hawezi kukifikiria kwa urahisi wake.

Kabla hatujamdaka alikuwa ameshabonyeza moja, mbili, tatu, nne. Simu ikatetemeka. Yamebaki mawili. Balbu akamkamata shati kifuani, kreti ikaanguka, ikabidi niingie katikati na mkasi wangu bado uko mkononi.

PROFESA: Tulieni. Siku ambayo hakuna mtu wa Baní anayeweza kuisahau ni moja tu. Siku ya kimbunga kile kilichobeba paa la kanisa.

Tukatazamana. Ilikuwa na akili. Yudelka alikuwepo, alijificha chini ya kitanda na kuku wawili. Sote tukakubali, na mimi nikiwemo, nasema ili lawama isiwe ya Profesa peke yake. Balbu akabonyeza tarakimu za kimbunga moja moja, akipumua katikati. Simu ikatetemeka. Limebaki moja.

Balbu aliishika simu kwa mikono miwili.

BALBU: Ikifuta hii, sitamsikia tena. Picha ninazo. Sauti yake haipo popote pengine.

Nilimwonea huruma mpaka nikaangalia pembeni. Na ndipo nikamwona Doña Eudosia, doña kwetu ni mama wa kuheshimiwa. Amehamia wiki tatu tu zilizopita, chumba cha juu ya duka la dawa, ametokea mji wa Azua. Alikuwa amesimama na salami yake imefungwa kwenye gazeti, na kwa sura yake alikuwa amesimama hapo muda mrefu.

DOÑA EUDOSIA: Samahani kuwaingilia. Huyo binti alizaliwa lini?

SETILAITI: Doña, hiyo tumeshaipita. Tisa Machi.

DOÑA EUDOSIA: Ya kweli au ya kwenye cheti? Maana mimi kwenye cheti nimezaliwa miezi minne baada ya mdogo wangu.

BALBU: Ya kwenye cheti. Nilichelewa kumwandikisha. Alikuwa na miaka saba, shule hawamtaki bila karatasi. Karani akaniuliza tarehe, nikatia mkono mfukoni.

DOÑA EUDOSIA: Mfukoni?

BALBU: Kulikuwa na karatasi ya dhamana ya televisheni. Ilikuwa televisheni yetu ya kwanza ya rangi. Nikamsomea tarehe ile.

Chichí akazima redio ya dukani. Mimi nimemnyoa Balbu miaka thelathini na sikuwahi kulisikia hilo. Setilaiti, ambaye hakosi neno, alikuwa anakagua kucha zake.

DOÑA EUDOSIA: Sawa. Sasa alizaliwa lini?

Balbu akanitazama mimi. Nami nikamtazama Profesa.

MIMI: Ilikuwa Jumapili.

SETILAITI: Jumapili mchana, hapa hapa. Jirani alikuja kumwita mara mbili, Nereida ameshikwa na uchungu, Balbu akasema namalizia hii.

PROFESA: Ncha za meza zilikuwa tano na mbili. Mimi nikapita, sina.

MIMI: Na mimi ndiye niliyecheza upande wake. Nilijua anayo tano-mbili, alivyokuwa anaibana kiganjani.

CHICHÍ: Akaipiga mpaka vikombe vikaruka. Kete moja inakubali kichwa na mkia. Marehemu baba yangu aliisimulia mpaka anakufa.

Tulikumbuka nani alichanganya kete, nani alikaa mgongo kwa barabara, nani alimaliza na sita-sita mkononi akatukanwa. Doña Eudosia alitungoja tumalize.

DOÑA EUDOSIA: Mwezi gani?

Hakuna aliyejua. Profesa alisema huenda embe zilikuwepo, Chichí akasema hazikuwepo. Niliona aibu, tena aibu ya kweli, kwa sababu yule jirani alipokuja mara ya pili ni mimi niliyemwambia asitusumbue.

DOÑA EUDOSIA: Na keki je? Mtoto hakukatiwa keki?

BALBU: Alikatiwa. Nereida aliichelewesha mpaka Jumamosi nirudi kutoka kazini. Mimi nilikuta keki mezani, nikala. Mtoto alipohamia Boston, ni Nereida aliyenitumia sauti kila mwaka: mpigie mwanao leo. Napiga.

DOÑA EUDOSIA: Na mwaka huu amekutumia nani?

Balbu akaitazama simu.

DOÑA EUDOSIA: Leo asubuhi ulivyompigia, ulisema alikwambia nini?

BALBU: Alicheka. Akasema alijua leo...

Akakatiza hapo. Nilikuwa karibu naye, nikaona lilivyomfika usoni, polepole, kuanzia kwenye midomo.

SETILAITI: Kwa hiyo hakuna mashine.

PROFESA: Nyamaza.

BALBU: Chichí. Leo tarehe ngapi?

Chichí akageuka kuitazama kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi iliyoning'inia juu ya mizani, ingawa nadhani alikuwa anaijua.

CHICHÍ: Kumi na saba Oktoba.

Balbu akabonyeza moja, saba, moja, sifuri. Simu ikafunguka. Mtu mmoja alipaswa kupiga makofi, na hakuna aliyepiga. Doña Eudosia akaibana salami yake kwapani, akasema "Mungu awasaidie," akavuka barabara.

Balbu akaenda kwenye jina la Nereida, akasukuma kwa kidole, muda mrefu, akirudi nyuma miezi, hadi Oktoba ya mwaka jana alipokuwa bado anafunga taa huko hotelini. Akaikuta. Akabonyeza, na kwa mara ya kwanza hakuiweka sikioni. Kitu kilikuwa kinakaangwa, kuku wanapiga kelele nyuma, na sauti ya Nereida ikatoka pale mezani penye dhumna kana kwamba yuko jikoni kwa Chichí.

"Mzee, ni leo. Mpigie mtoto. Usimwombe kitu wala usimwulize kitu, mpongeze tu. Halafu nipigie uniambie kama amecheka."

Ikaisha. Balbu akalitafuta jina la Yudelka, likajaa kwenye kioo, kidole gumba kikasimama juu yake bila kushuka.

BALBU: Nimwambie nini?

Alimwuliza Setilaiti kwanza, kisha Profesa, kisha akanigeukia mimi. Mimi nilinyoosha kikombe changu ili mikono ipate kazi, Chichí akainamisha birika juu yake, na hapakutoka kitu.