Kovu Linalovutwa

Bajaji ilipotoka Kibirizi kuelekea Mwanga, Winfrida alikaa pembeni akisikia yote, maana masikio hayana mlango. Kando yake alikaa Rozalia, muuza dagaa ambaye mkono wake wa kulia uliungua kwa mafuta ya moto. Kidonda kilipona, lakini kovu likaukunja mkono kwenye kiwiko. Upande wa pili alikuwapo Nehemia, kijana anayesomea tiba ya viungo.

"Shikamoo mama. Huo mkono huwa unaunyoosha?"

"Marahaba. Nauacha upumzike. Baba watoto anasema kovu likivutwa litapasuka."

"Likivutwa kwa nguvu, kweli. Ila chembe za mwili zinakaa kwenye nyuzi za kovu, kama samaki wavuni. Nyuzi zikikakamaa, chembe hudhani bado kuna jeraha, zinaongeza nyuzi nyingine. Ukilinyoosha taratibu kila siku, zinahisi mvuto mwingine, nyuzi zinajipanga upya."

"Kumbe hazioni, zinapapasa."

"Zinapapasa, mama."

"Unasema kirahisi kwa kuwa si wewe unayeumia."

Nehemia akaitikia kwa kichwa, na Winfrida akampenda kidogo kwa hilo. Yeye mwenyewe, asiye na kovu lolote, alijikuta ananyoosha kiwiko chake.

Rozalia aliuegemeza mkono kwenye goti, akausukuma polepole huku amekaza meno.

"Umefunguka?" Nehemia akauliza.

"Bado. Na baba watoto sijamkatalia." Akavuta pumzi. "Lakini umesogea."

Bajaji ikasimama sokoni. Rozalia akaishika nguzo ya bajaji kwa mkono wa kulia, akashuka.