Risala ya Wafanyakazi Elfu Kumi na Mbili wa Kiwanda cha Ndoo

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri wa Viwanda, Mkurugenzi wetu, Meneja wetu, mabibi na mabwana:

UKARIBISHO

Sisi wafanyakazi wa kiwanda hiki tunakukaribisha kwa mikono miwili, isipokuwa mwenzetu mmoja anayekukaribisha kwa mkono mmoja, na sababu yake utaisikia.

Leo mashine imezimwa ili sauti ya risala ikufikie. Mashine ikizimwa hakuna anayeandikwa kazini, kwa hiyo asubuhi tumesaini kitabu cha wageni na kuvalishwa vitambulisho vyekundu kama chako. Kwa leo sote humu ni wageni, tofauti yetu ni kwamba wewe ndiye rasmi.

HISTORIA FUPI

Kiwanda kilianza na mashine moja ya kufinyanga plastiki. Mashine hiyo bado tunayo. Inakohoa, lakini inakwenda.

Utaratibu wetu wa kazi ni huu. Kila siku saa moja asubuhi karani wa geti hufungua daftari na kuandika watu arobaini. Saa kumi na moja jioni kengele inalia na ajira zote arobaini zinakwisha. Kesho yake tunaanza upya. Mpanga ndoo anayekusomea risala hii amewahi kumwambia karani, "Kaka, jina langu si unalijua? Jana tu umeniandika."

Karani akajibu bila kuinua kichwa, "Namjua wa jana. Wewe wa leo nani?"

MAFANIKIO

Mheshimiwa, mafanikio ni mengi mno, na ndiyo yaliyokuleta.

Kwanza, ukuaji. Mwaka juzi tulikuwa tunahesabu ndoo. Mwaka jana Meneja aligundua kwamba mfuniko nao ni bidhaa, na uzalishaji ukapanda mara mbili. Mwaka huu tumeanza kuhesabu mshikio, tumefika mara tatu. Ndoo zenyewe hazikuongezeka hata moja, lakini hilo halikuulizwa. Mwakani tunatarajia kuingiza yale matundu mawili ya kupachikia mshikio, na hapo nchi nzima itatukoma.

Pili, ajira. Alikuja binti wa takwimu, mpole, ana kishikwambi na fomu yake. Akauliza, "Mwaka huu mmeajiri wangapi?" Meneja akafungua daftari la geti ukurasa wa mwisho, akasoma namba ya mwisho: elfu kumi na mbili. Ni kweli tupu. Watu arobaini kwa siku mia tatu, piga hesabu mwenyewe. Binti akauliza tena, "Na walioacha kazi?" Meneja akasema hapa hakuna mtu aliyewahi kuacha kazi. Na hilo pia ni kweli, kwa sababu hatuachi, tunaachwa, na fomu haikuwa na kisanduku cha kuachwa.

Ndipo leo umetuletea kombe la Kiwanda Kinara wa Ajira. Tunalipokea kwa heshima, ingawa tumeulizana likae wapi kati ya nyumba elfu kumi na mbili.

CHANGAMOTO

Meneja alituagiza sehemu hii isizidi mistari mitatu. Tumetii. Tumeandika mitatu mirefu.

Dada wa mishikio, mwenzetu, amefanya kazi hapa miaka saba. Kwa hesabu ya daftari ameajiriwa zaidi ya mara elfu mbili na hajawahi kufikisha siku mbili kazini. Miezi minne iliyopita kengele ililia akiwa anatoa mshikio wa mwisho uliokwama, kwa sababu hakutaka kumwachia mwenzake wa kesho balaa. Mashine ilimkata vidole vitatu. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika mbili.

Ofisi ilipekua daftari na kuona kwamba wakati huo hakuwa mfanyakazi. Alikuwa mtu baki aliyeingiza mkono kwenye mashine ya watu. Hospitali tulimpeleka sisi, kwa mkokoteni wa kubebea ndoo. Alipopona akarudi getini, karani akamtazama mkono, akasema, "Dada yangu, usinilaumu. Nimeambiwa niandike wenye mikono kamili." Kwenye nafasi yake akaandikwa mtu mwingine asubuhi ileile, na ajira nchini zikaongezeka kwa moja.

Imetuuma sana, Mheshimiwa. Hapo tumeshindwa kuweka maneno ya heshima.

MAOMBI

Tulitaka kuomba feni, maji ya kunywa na mashine mpya. Tukakaa, tukajadiliana, tukafuta vyote. Tunaomba jambo moja: daftari liandike kila mtu mara moja tu, na jina lisifutwe na kengele. Tunajua kwamba ukikubali, ajira elfu kumi na moja mia tisa na sitini zitapotea kwa siku moja. Huenda hata ikabidi urudi na kombe. Sisi tuko tayari. Tunaomba pia jina la kwanza kuandikwa liwe la dada wa mishikio. Kupima uzito wa ndoo kunahitaji mkono mmoja na macho, na macho anayo.

HITIMISHO

Mheshimiwa, kesho asubuhi tutakuwa getini kama kawaida. Baada ya kusoma haya hatujui karani atawaandika akina nani. Lakini leo sote tumeketi mbele yako, kuanzia viti vya mbele hadi vya ukutani, na hakuna anayetembea. Dada wa mishikio, hebu nyoosha mkono Mheshimiwa akuone.

Mungu akujalie afya, akufikishe nyumbani salama, na akupe dakika moja kabla hujapanda gari. Dakika hiyo inatosha kutuhesabu.

Ni sisi, wafanyakazi wako elfu kumi na mbili:
watu arobaini, na dada yetu.